Gobore la Baba na Risasi za Kuchovya

Baba akijua nimeandika haya atanilaani siku mbili, halafu ataniomba nimsomee tena pale anapotajwa yeye. Ndivyo alivyo. Ana gobore moja lenye kibali, na kibali hicho amekitunza kuliko cheti changu cha kuzaliwa, ambacho kililiwa na mchwa na wala sikuombwa radhi. Gobore lenyewe ukiliona utacheka. Mti wake umefungwa waya sehemu mbili, mtutu ni mrefu kama upondo, na linajazwa kwa mdomoni: inatangulia baruti, linafuata tambara, inafuata risasi, na vyote vinashindiliwa kwa ufito wa chuma uitwao mdeki. Kazi yake ni moja tu, nguruwe pori.

Sisi tunakaa kusini ya Tongoni, barabara ya Pangani, bahari mbele na mkonge nyuma. Mkonge wenyewe uliachwa siku nyingi, umegeuka pori, na nguruwe wamezaana humo mpaka wanajiona wenyeji. Wakishuka kwenye muhogo hawali kama wezi wenye haya. Wanafukua shina zima, wanaonja, wanaliacha, wanakwenda la pili. Na mlimaji ni mimi. Niliachika, nikarudi nyumbani na mabegi mawili na mdomo wangu huu, nikapewa shamba la marehemu mama. Mwaka ninaousimulia vuli ilitukataa, mahindi yalinyauka yakiwa urefu wa goti, kwa hiyo muhogo ule ndio uliokuwa chai yetu, ndio chakula cha mchana, ndio cha usiku. Nguruwe wakiumaliza tungelala njaa, hilo halikuwa na mjadala.

Sasa nguruwe ana taabu yake huku kwetu pwani. Kumpiga unampiga, lakini akishakufa ni nani wa kumgusa? Hapo ndipo anapoingia jirani yetu. Ni Mbena, Mluteri, alikuja kukata mkonge akiwa kijana na hakurudi kwao tena. Yeye na baba wamezeeka pamoja wakitukanana kila siku ya Mungu, utani mtupu. Mimi namwita baba mdogo, nikimkuta namwamkia shikamoo, na yeye huitikia marahaba kisha ananiuliza lini nitapata mume mwingine nimpunguzie baba mzigo. Utaratibu wao ulikuwa huu: baba anapiga, kisha anamwita kwa simu, anamwambia mgeni wako amefika. Jirani anakuja na toroli na kamba, anamzoa mnyama wake, sisi tunageuza nyuso upande mwingine kama hatujui chochote. Vijana wa kijijini humtania kwamba anakula mbuzi katoliki. Hilo humuudhi kweli kweli. Anasema yeye si Mkatoliki, kwa hiyo mbuzi huyo abadilishwe dhehebu kwanza ndipo amle.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Macho ya baba yalikwisha ingia ukungu, na kibali ni cha baba peke yake, hakuna mwingine anayeruhusiwa kufyatua. Basi jirani husimama nyuma yake, kidevu begani, anamwelekeza: kulia kidogo, shusha, shusha tena, hapo hapo. Walihitajika wazee wawili kumpata nguruwe mmoja. Na mimi shamba langu lilisimama juu ya wazee hao, Mungu anisaidie.

Mambo yaliharibika siku baba alipokwenda mjini kupimwa macho. Badala ya kurudi na miwani alirudi na akili mpya. Huwa anamimina risasi zake mwenyewe, vidonge vya mviringo, vyeusi, vibaya vya sura. Huko Ngamiani alipita kwa sonara mmoja anayechovya mikufu, akamwachia mfuko mzima wa vidonge vile avichovye shaba. Alitueleza kwamba risasi tupu inachafua mtutu na ina sumu kwa walaji, yaani alikuwa akimwonea huruma jirani. Uwongo mtupu. Alizipenda kwa sababu ziling'aa. Alizipeleka mpaka barazani msikitini, akazipitisha mkono kwa mkono, wazee wakazisifu kama mtoto mchanga. Jirani alipoonyeshwa aliinua moja juani, akauliza kama baba anakusudia kuipiga au kuivaa.

Kwenye duka la silaha wanauza baruti ya namna mbili. Moja ni laini kama unga wa ulezi, kali, ukiifyatua hata waliokufa wanageuka. Nyingine ni ya chenga, inawaka polepole, inasukuma bila kishindo. Baba siku zote ni mtu wa ile laini. Anataka kijiji kizima kijue kwamba amepiga. Lakini ngozi ya shaba aliyoweka sonara ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na ile baruti kali iliichuna ikaibandika ndani ya mtutu. Kila mlio uliacha kidogo. Baada ya wiki chache mtutu ulikuwa na ukoko kama chungu cha wali. Mdeki ukifika katikati unakwama, risasi zikitoka zinakwenda zitakako. Moja ilipiga mpapai. Nyingine ilitoboa ndoo yangu mpya iliyokuwa mbali kabisa na nguruwe, na nguruwe mwenyewe akanyanyua kichwa akatutazama, akarudi kwenye muhogo wangu.

Jirani alisema tangu mwanzo: risasi ya kuchovya inataka baruti ya pole. Baba alimjibu kwamba baruti isiyo na kishindo ni ya kuwashia jiko. Wakaanza. Asubuhi baruti, adhuhuri baruti, magharibi baruti. Huyu anaeleza alivyolinda ghala la mkonge enzi hizo na bunduki ya Mjerumani, yule anaeleza babu yake alivyopiga chui. Wote wawili waongo. Mimi nilikuwa nahesabu mashimo shambani. Siku moja nilichoka, nikawaambia kama wanataka kushindana kwa mdomo wakakae wao shambani usiku, maana kelele zao zinatosha kufukuza nguruwe bila baruti yoyote. Wakaungana kunisema mimi.

Baadaye jirani akaja na dawa. Alikuja na kopo la mafuta meupe, mazito, akaketi na baba barazani kwetu, wakalifungua gobore. Alisema ghalani kwao ndivyo walivyofanya, mtutu ukikwama unapakwa mafuta, na tambara nalo linapakwa, shaba haishiki tena. Kweli, mdeki uliteleza mpaka chini. Baba akafyatua kwenye kopo tupu juu ya kisiki, kopo likaruka. Alifurahi mpaka akamkumbatia mwenzake. Akamwomba aliache lile kopo la mafuta.

Hapo lazima nieleze kuhusu magaga ya baba. Visigino vyake vilipasuka tangu zamani, ukimuoshea miguu unaweza kupoteza shilingi humo ndani. Mafuta yalipobaki akajipaka. Siku ya pili akajipaka tena. Ndani ya wiki visigino vikawa laini kama vya mwari, akawa anavionyesha watu uani mwa msikiti baada ya Ijumaa, anavua kandambili, anawaambia watazame. Mimi nami nilipaka viwiko. Vilikuwa vimekakamaa kwa jembe, vikalainika, nikashukuru. Sitasema nilipaka wapi kwingine.

Ikawa jioni moja wanakunywa kahawa, baba akauliza mafuta yale yanauzwa wapi, maana kopo lilikuwa linakwisha. Jirani akamtazama kwa mshangao wa kweli. Akamwambia hayauzwi. Akamwambia si ni ya yule mkubwa ambaye baba mwenyewe alimpiga mwaka jana, mama wa nyumbani kwake aliyakamua akayaweka. Kisha akacheka, akangoja baba naye acheke.

Baba hakucheka. Aliweka kikombe chini taratibu, akatazama visigino vyake.

"Toka kwangu," alisema.

Jirani alidhani ni utani, akaendelea kucheka peke yake, mpaka akaona haya. Akasema alidhani anajua. Kwake yeye kuna mafuta gani mengine? Na ukweli ni kwamba alikuwa na haki. Hata mimi nilipaswa kujua, tena mimi zaidi, maana moshi wa jiko la mke wake huja mpaka kwetu. Miaka yote ile tulijizoeza kutotazama kinachoingia kwenye toroli, tukasahau kwamba kinachoingia hutoka kwa namna nyingine. Lakini baba alikuwa ameswali juma zima na visigino vile, safu ya mbele, na alikuwa amevionyesha. Alisimama, akarudia neno lake. Jirani akaondoka bila kofia yake.

Tukamwita mwalimu wa madrasa. Ni kijana mpole, wala hakucheka, ingawa niliona shavu linacheza. Alisema najisi ya nguruwe ni nzito, inaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Baba akauliza habari ya gobore. Mwalimu akawaza, akasema nalo hivyo hivyo. Nikauliza kama na lenyewe lilikuwa na sala za kulipa. Baba alinitupia kandambili.

Basi tukaosha. Tuliosha visigino, tukaosha viwiko, nikaingia bafuni nikaosha kwingine nisikotaja. Kisha tukaliosha gobore pale uani. Tulichanganya udongo wa kichuguu na maji, tukamimina mtutuni, baba akasugua kwa mdeki na tambara kana kwamba anamsugua yule nguruwe mwenyewe. Yalitoka maji meusi, yakatoka ya kijani, vikatoka vigamba vya shaba vyekundu. Mafuta yalikuwa yameteleza juu ya ukoko, hayakuuondoa. Udongo ndio uliouondoa, kama unavyosugua sufuria. Maji ya mwisho yalitoka meupe. Mwalimu akasema ni baraka ya kufuata sheria. Nilikuwa na la kusema lakini kandambili ya pili ilikuwa bado mguuni.

Gobore likawa safi, nyumba ikawa kaburi. Baba hakumtaja jirani hata mara moja. Alikaa barazani na redio yake, mpira ukitangazwa hana wa kumbishia, timu yake ikishinda hana wa kumzomea. Jirani naye alianza kupita njia ya juu, ile ya miiba, ili asipite mbele yetu. Mke wake tulikutana kisimani, akaniuliza hali ya baba, nikamwuliza hali ya baba mdogo, tukaishia hapo. Niliumia. Wanaume wazima wananuniana kama wake wenza, na mimi natoka shambani kila asubuhi nikiwa na mabaki ya muhogo uliotafunwa nusu. Nusu ya shamba ilikuwa imekwenda. Nilimwambia baba nitakwenda kumwomba mwenzake arudi. Akanijibu kwamba nikienda huko nisirudi.

Hasira ilinipanda, nikamjibu vibaya, sitaandika. Nikamwambia nitakuwa macho yake mimi. Na alfajiri iliyofuata, alipotoka msikitini, tukaenda.

Alijaza gobore mwenyewe, amechutama kwenye ukingo wa shamba, na mwanga ulikuwa umetosha nikaona mikono yake. Alikuwa na vichupa viwili vya baruti. Alikishika kile cha laini, akakitikisa sikioni. Akakirudisha mfukoni. Akachukua cha chenga, ile aliyokuwa akiiita ya kuwashia jiko, akamimina. Halafu akatia risasi moja ya kuchovya. Sikusema kitu, na wanaonijua wanajua hilo ni jambo kubwa.

Walikuwepo watatu, mmoja mkubwa kama pipa. Niliweka kidevu begani kwa baba kama nilivyoona anavyofanya baba mdogo. Nilimwambia kushoto, nikakosea, nikamwambia kulia. Nikamwambia ashushe. Mlio haukuwa mkubwa, kama mtu aliyefunga mlango wa kabati. Yule mkubwa akakaa chini, akalala ubavu, na wenzake wakatokomea mkongeni. Baba akaniuliza amempata? Nikamwambia amempata. Akaniuliza tena, sauti imebadilika, na nikaelewa kwamba swali lile hakuwa akiniuliza mimi.

Hapo sasa. Nguruwe amelala katikati ya shamba, juu ya muhogo uliobaki, na hakuna wa kumwondoa. Baba alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Jua likapanda. Niliwaita vijana wawili wa barabarani, wakacheka wakaenda zao. Dereva wa bodaboda alisema hata nimpe pikipiki nyingine hampakii yule. Kufika saa nne nzi walikuwa wamekwisha pata habari. Nilijua akioza pale sitachimba muhogo ule, na hata nikiuchimba nani ataula? Nikamwambia baba achague: ampigie au nimpigie. Nikamwambia mimi siwezi kulala njaa kwa sababu ya visigino vyake.

Alisimama. Akaingia ndani, akatoka na kamba ya mkonge. Nilidhani anaipeleka kwa jirani. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye nguruwe, akachutama, akamfunga mguu wa nyuma, akajizungushia kamba mkononi, akavuta.

Nilipiga kelele kwamba yule ni najisi. Hakugeuka. Mnyama yule alikuwa mzito kuliko yeye, kila hatua tatu anasimama, anahema, anavuta tena. Alimvuta akatoka shambani, akamvuta akakata barabara. Muuza samaki alishuka kwenye baiskeli akabaki mdomo wazi. Mwalimu wa madrasa alikuwa anatoka na watoto, akawageuza watazame bahari. Mimi nilibaki nyuma na aibu yangu, najifanya natembea kivyangu. Kisha tukafika kwenye kile kilima kidogo cha kwa jirani, baba akateleza akapiga goti, akainuka, akavuta, nguruwe hakusogea. Nikaona kisogo chake kilivyokonda. Nikashika kamba nyuma yake tukavuta wote. Viwiko vyangu vilikwisha zoea.

Mke wa jirani alikuwa anapepeta uwanjani. Aliacha ungo, akaingia ndani. Jirani akatoka, hana shati, akasimama mlangoni. Alimtazama nguruwe, akaitazama kamba, akamtazama baba alivyotapakaa damu na vumbi, kanzu ya alfajiri ile ile. Nilingoja amtanie. Niliomba amtanie.

"Umemvuta kwa mkono gani?" aliuliza.

"Wa kulia," baba alisema.

Ni mkono anaolia chakula, mkono wa kuwapa watu salamu, na mtu wa kwetu akilazimika kugusa kitu kichafu huuficha. Jirani alijua hayo, amekaa nasi umri wake wote. Alishuka kizingitini, akafuta kiganja chake kwenye suruali, akaunyosha. Baba hakuwa na haja ya mimi kumwelekeza. Alifungua kamba mkononi, akaushika mkono wa mwenzake, wakakaa hivyo bila kuachiana, na hakuna aliyemwomba mwenzake radhi.

Kisha jirani akanigeukia mimi, akaniuliza, mwanangu, muhogo umebaki? Nikataka kumjibu kwa ubishi kama kawaida yangu. Nikamwambia upo, baba mdogo, upo wa kututosha wote, nikakaa chini pale pale karibu na nguruwe nikalia.